UZI: Jembe likiwa hewani. Vijana wetu, Bulabo ya Bujora, na swali la kipi kibadilike

Mtunza Ngoma (mwanzisha uzi)

Wakuu, mwangaluka. Wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Uzi huu niliuahidi tangu Juni, nikawa nausogeza mbele kwa sababu ya shughuli. Leo mvua imenikalisha ndani, nitaumaliza. Ni mrefu, kwa hiyo mwenye haraka auhifadhi aje ausome akitulia.

Kwa asiyejua, Bulabo ni sikukuu ya ngoma za Wasukuma inayofanyika kila Juni pale Bujora, Kisesa, nje kidogo ya jiji la Mwanza ukishika barabara ya Musoma. Jina lenyewe ni maua, na limetoka kanisani: ni sherehe ya Ekaristi, watu wanaandamana na maua, misa ikiisha uwanja unawaka. Bujora kanisa na mbina, yaani ngoma zetu za kucheza, vimekaa pamoja tangu enzi za Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada aliyeanzisha parokia ile miaka ya 1950 na kuacha pale makumbusho ya Wasukuma.

Kinachojaza uwanja ni ushindani wa Bagika na Bagalu. Haya ni makundi mawili makubwa ya mbina yaliyoanza karne ya 19 kwa waganga wawili, Ngika na Gumha, waliokuwa wakishindana nani anavuta watu zaidi. Mpaka leo mcheza mbina wa Kisukuma ana upande wake. Na ushindi wa asili hauna karatasi wala meza. Makundi mawili yanacheza saa ileile, kila moja upande wake wa uwanja, na watazamaji wana miguu yao. Wakihamia kwako, umeshinda. Wakikuacha, umeshindwa, hata kama ulicheza bila kosa.

Naomba mlishike hilo la watazamaji na miguu yao, maana nitalirudia.

Mimi ni mpiga ngoma. Nina kundi la vijana 22, mkubwa wao ana miaka 24, mdogo 15. Tunacheza bugobogobo, yaani ngoma ya jembe. Ngoma hii ilizaliwa shambani: vijana wanajipanga mstari, mpiga ngoma yuko mbele yao, majembe yanapanda na kushuka kwa mdundo mmoja mpaka shamba la mtu linaisha kabla jua halijawa kali. Majembe ya zamani yalifuliwa na Warongo, mafundi chuma wa upande wa Geita, na yalikuwa mali hasa, watu waliyatoa kuwa mahari. Kazi ikiisha, jembe lilelile lililolima ndilo lililorushwa juu na kudakwa.

Sasa, kwetu mashamba mengi yanalimwa kwa plau ya ng'ombe, mwenye uwezo anakodi trekta. Katika vijana wangu wote 22, hakuna hata mmoja aliyewahi kulima kwa mstari nyuma ya ngoma. Walikuwa wanacheza kazi ambayo hawajaifanya. Lilinisumbua sana jambo hilo. Kwa hiyo mwezi Februari, badala ya kuanza mazoezi uwanjani, nilimwomba mama mmoja jirani atupe eneo la matuta ya viazi. Siku tatu tulilima kwa ngoma, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi.

Siku ya kwanza walilalamika viganja. Siku ya pili wakanyamaza. Siku ya tatu kijana mmoja akaja kwangu jasho linamtoka, akasema: "Kaka, kumbe ndiyo maana mstari wa wimbo ni mfupi." Nikamuuliza ameona nini. Akaniambia kiongozi anaimba jembe likiwa linapanda, kwa sababu wakati huo kifua kiko wazi. Jembe likishuka kifua kinabana, hapo huwezi kuimba, unaguna tu. Na ule mguno wa pamoja ndio kiitikio.

Wakuu, mimi nimepiga ngoma hii miaka kumi na tano na sikuwahi kulifikiria hilo. Nilifundishwa kwamba "hapa mnaitikia", nikaitikia.

Mtunza Ngoma

Naendelea. Sehemu ya pili, uwanjani.

Wimbo tuliokwenda nao ulikuwa wa zamani, wa pamba, tumepewa na mzee wetu mmoja aliyeuimba ujanani. Vijana waliukariri neno kwa neno. Yalikuwepo maneno ya Kisukuma ambayo hawayajui, mengine hata mimi siyajui, nikaenda kuuliza. Tulitaka kufika pale tukiwa safi.

Na tulikuwa safi. Siku ya kwanza hatukukosea hatua hata moja. Watu walisimama kwetu kwa heshima, kama wanaosikiliza hotuba. Upande wa pili wakatoa chatu, halafu manju wao, mtunzi na kiongozi wa nyimbo, akaingia na wimbo mpya kabisa, wimbo wa mwaka huu, unaosema mambo ya mwaka huu, na unamtaja kwa mafumbo mtu ambaye nusu ya uwanja ilimjua. Vicheko vikapasuka. Nikaona migongo. Watu wanaondoka kwetu taratibu, kisha kwa haraka, mwisho wakawa wanakimbilia kule. Tulibaki na kama thelathini hivi, na wengi wao ni mama zetu na shangazi zetu.

Usiku tulilala kwenye darasa la shule. Hakuna aliyekuwa na hamu ya kula. Binti mmoja wa kundi letu, miaka 19, akasema ana wimbo. Kumbe alikuwa anautunga tangu kule kwenye matuta ya viazi na hakuthubutu kuusema. Unahusu baba yake aliyeuza ng'ombe akanunua pikipiki. Ndama wao zamani alikuwa analala ndani ya nyumba kwa kuogopa fisi. Sasa pikipiki ndiyo inalala palepale alipokuwa analala ndama, kwa kuogopa wezi, na mama anafagia oili badala ya samadi. Basi. Wimbo ndio huo.

Mzee wetu alikuwa amejilaza kwenye mkeka, nikadhani kasinzia. Akainuka akasema, "Imba tena, polepole." Binti akaimba. Mimi nilikuwa nasubiri aukatae. Hakugusa neno hata moja. Alichomwambia ni hiki: "Pale unaposema 'pikipiki' neno ni refu, linakwenda mpaka jembe linashuka. Ukilimeza, na wenzako watalimeza. Ligawe." Wakaligawa. Pi-ki, jembe juu, pi-ki, mguno.

Nilikaa na jambo lile mpaka usiku wa manane. Mzee niliyemwogopa kwamba ni mlinzi wa maneno ya zamani, hakuwa na shida na maneno. Alikuwa analinda pumzi.

Mtunza Ngoma

Siku ya pili tulicheza wimbo wa pikipiki.

Watu walikuja. Kwanza akina mama, wao ndio walielewa haraka habari ya kufagia oili. Halafu vijana wa bodaboda waliokuwa wameegesha barabarani. Bibi mmoja akaingia katikati ya uwanja kututunza, akamwekea binti noti kwenye paji la uso, uwanja ukalipuka. Nilitazama upande wa pili nikaona migongo tena, safari hii si ya kwetu.

Na hapo ndipo tulipoharibikiwa. Mpiga ngoma ndogo, kijana wa miaka 17, ana mkono mzuri sana, alipandwa na furaha. Akaongeza mapigo. Mapigo yale nayajua, ni ya singeli, ndiyo anayosikiliza siku nzima kwenye simu yake. Yalikuwa matamu, sitamdhulumu. Lakini wenzake kumi walikuwa wamesharusha majembe juu.

Jembe likiwa hewani, mchezaji halifuati kwa macho. Analihesabu kwa ngoma. Ngoma ikisema sasa, mkono unafunga. Mapigo yalipoongezeka, mikono ilifunga mapema. Majembe manne yalianguka. Moja lilichimbia chini karibu kiganja kimoja na mguu wa mtoto aliyekuwa amekaa mbele kabisa.

Nilisimamisha ngoma kuu. Uwanja mzima ukanyamaza. Mtoto hakuguswa, namshukuru Mungu. Tulipoanza tena tulianza vizuri, lakini watu walikuwa wamesogea mbali, na waliosogea mbali ni rahisi kuondoka. Tulishindwa siku ya pili pia.

Sasa naomba nieleze kilichonifanya niandike uzi huu. Mijadala mingi ya vijana na mila humu ndani inakwenda hivi: mmoja anasema vijana wanaharibu mila, mwingine anajibu utamaduni hubadilika, wanarushiana maneno kurasa kumi. Mimi nimeona kwa macho yangu, ndani ya siku mbili, wote wawili wakiwa na haki na wote wakiwa wamekosea. Wimbo wa zamani ulioimbwa bila kosa ulitufukuzia watu, kwa sababu manju wa Kisukuma hajawahi kutakiwa kurudia. Kazi yake ni kutunga upya kila msimu, na asiyetunga anaachwa peke yake uwanjani. Yule mzee aliyetupa wimbo wa pamba, ujanani mwake ulikuwa wimbo mpya. Kumkaririsha kijana wimbo ule na kumwambia ndiyo mila, ni kumnyima sehemu ya mila iliyo ngumu kuliko zote, yaani kutunga na kukubali kuachwa.

Lakini mapigo ya ngoma kuu si maneno. Yamefungwa kwenye uzito wa jembe na urefu wa mkono. Ukiyagusa, chuma kinaanguka karibu na mtoto.

Kwa hiyo siku hizi kijana akiniuliza "kaka, hiki tunaweza kubadilisha?", namrudishia swali: ukibadilisha, kuna nini hewani? Kama hakuna kitu, jaribu. Kama kuna jembe, nenda kalime kwanza.

Nawasilisha. Karibuni.

Mjukuu wa Manju

Mwanangu, nimesoma yote. Mimi nilicheza upande wa Bagalu miaka ya ujana wangu na sasa magoti yamekataa. Umeandika vizuri, lakini umeruka jambo na umeliruka kwa makusudi. Hujaitaja samba, ile dawa ya ngoma. Zamani hakuna kundi lililoingia uwanjani bila dawa ya kuvuta watu, na kijana hakuipewa bure. Alitumwa, akajaribiwa, akakatazwa vitu, miezi mingi. Ile nidhamu ndiyo ilimfanya mpiga ngoma asipandwe na furaha katikati ya mchezo. Huyo kijana wako wa singeli angekuwa amepita kwa mwalimu, mkono wake usingetoroka. Mnachofanya sasa ni maonyesho. Mazuri, lakini maonyesho.

Mtunza Ngoma

Shikamoo mzee wangu. Ni kweli nimeiruka. Vijana wangu wengine wazazi wao ni wa kanisani na wengine ni Waislamu, nami nilikubaliana na wazazi kwamba habari ya dawa inabaki ya kila familia. Sina kibali cha kuifundisha na sitajifanya ninacho.

Ila hilo la kutumwa na kujaribiwa umenigusa. Yule kijana nilimpa ngoma kwa sababu ana kipaji. Sikumpa kwa sababu amevumilia kitu. Hata wale Bayeye, watu wa nyoka, hakuna aliyekabidhiwa nyoka kwa kipaji. Walijifunza kwanza kutibu aliyeumwa. Nimelichukua, mzee. Wabeja sana.

Mwalimu wa Kakamega

Hamjambo ndugu zangu wa Tanzania. Mimi ni mwalimu huku Kenya, na uzi huu umenifanya niache kusahihisha madaftari.

Sisi tuna tamasha la muziki la shule na vyuo ambalo lina historia tangu 1927. Ni jambo kubwa. Bila tamasha lile, kuna nyimbo za jamii zetu ambazo mtoto wa mjini hangewahi kuzisikia. Nimeona watoto wa Nairobi wakijifunza ngoma za Wagiriama, na watoto wa Pwani wakicheza za Waluhya. Hilo lina thamani na sitaki mtu alidharau. Lakini kwetu anayeamua ni meza ya waamuzi, kuna muda, kuna alama za mavazi, za sauti, za mpangilio. Watazamaji hawana miguu, wameketi. Na mwalimu yeyote akishaona shule fulani imeshinda kwa mtindo fulani, mwaka unaofuata shule kumi zinakuja na mtindo huohuo. Nimefanya hivyo mimi mwenyewe.

Chukueni isukuti ya Waisukha na Waidakho wa hapa kwetu. Ngoma zake ni tatu, ya baba, ya mama na ya mtoto, na pembe ya swala juu yake. Huchezwa kwa mtoto aliyezaliwa, kwa harusi, na huchezwa matangani. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Sasa mimi nina wanafunzi waliobeba kikombe kwa isukuti ambao hawajawahi kuipiga matangani. Babu wa mmoja wao alipofariki, wazee wa ngoma walikuwa wamebaki wawili, ya tatu haikuwa na mpigaji. Huyo mvulana wangu alikuwa pale, amesimama na waombolezaji, anaijua ngoma ya mtoto kuliko mtu yeyote, na hakuna aliyemwita, naye hakujua kwamba angeweza kujitokeza. Aliniambia Jumatatu. Nililia ndani ya ofisi.

Mkataba wa UNESCO wa 2003 wenyewe unasema urithi wa aina hii huundwa upya kila mara na jamii zenyewe. Si wa kugandisha. Lakini tumewafundisha watoto kwamba mahali pa isukuti ni jukwaani. Tangu siku ile, kabla ya mashindano nawapeleka kwa wazee, si kwenda kurekodi, bali kujulikana. Wazee wayajue majina yao. Ili siku ngoma ya tatu ikikosa mtu, aitwe.

Mtunza Ngoma

Mwalimu, "si kwenda kurekodi, bali kujulikana". Nimeiandika kwenye daftari langu la kundi, ukurasa wa kwanza.

Mrusha Jembe wa Jijini

Habari zenu wakuu. Mimi nina miaka 23, nacheza bugobogobo Dar es Salaam na sijawahi kufika Bujora. Baba ni Mpare, mama Mzaramo. Nilijifunza kwenye kikundi cha sanaa cha mtaani baada ya kumaliza kidato cha nne.

Nasema kwa heshima. Kila nikisoma nyuzi kama hizi, sisi wa vikundi vya mjini tunawekwa pembeni kama watu wa kuigiza. Maisha yetu ni haya: tunaitwa kumpokea mgeni rasmi, tunakaa juani saa nne, tunapewa dakika tano. Kuna hafla moja mshereheshaji alitukata tukiwa katikati ya mchezo, majembe yako juu, akatangaza "asanteni sana kikundi chetu" na spika za muziki zikafunguliwa. Tulidaka majembe bila ngoma. Hakuna aliyeangusha. Unajua kwa nini? Kwa sababu tunafanya mazoezi siku tano kwa wiki, jioni, nyuma ya karakana ya magari, na nusu ya muda hatupigi ngoma kwa sababu majirani wanalalamika. Kila mtu ana ngoma kichwani.

Siwezi kutunga kwa Kisukuma. Hilo linaniuma. Naimba maneno ambayo siyaelewi yote na hakuna wa kumuuliza. Lakini jembe naliheshimu.

Mtunza Ngoma

Mdogo wangu, naomba radhi kama uzi umekupa hisia hiyo. Kudaka jembe bila ngoma, mimi kundi langu halijawahi kufanya na sidhani lingeweza. Hiyo ni elimu ambayo nyinyi mnayo sisi hatuna.

Ya lugha tusaidiane. Niandikie ujumbe wa faragha, unitumie maneno mnayoyaimba hata kama ni nusunusu. Mzee wetu atafurahi. Na Juni, njoo. Mahali pa kulala ni sakafu ya darasa, lakini papo.

Mrusha Jembe wa Jijini

Nimeshatuma, kaka. Kuna mstari mmoja tunaimba kwa hisia kali mno, naogopa nikiambiwa maana yake.

Bint Makunduchi

Assalaam alaykum. Nimeusoma huu uzi nikiwa kazini, nami nina la kusema, ingawa kwetu si ngoma ya kushindana.

Kwetu Makunduchi, kusini Unguja, kila Julai tuna Mwaka Kogwa. Wanaume wanapigana kwa migomba, mwenye donge na mwenzake la mwaka mzima analitoa pale, ikiisha wameisha. Inajengwa kibanda cha makuti, kinatiwa moto, aliyemo ndani anatoka mbio. Wanawake tunavaa, tunapita tukiimba, na katika nyimbo hizo husemwa ambayo mwaka mzima hayakusemeka.

Sijawahi kuona mtu anafanya mazoezi ya Mwaka Kogwa. Hakuna mwalimu. Kaka zangu wawili wanafanya kazi za hoteli huko mashamba ya kaskazini, wana shughuli nyingi msimu wa watalii, lakini siku hiyo watarudi hata kama watakatwa mshahara. Kwa nini? Kwa sababu kama kaka yangu hayupo, yule mwenye donge naye atampiga nani? Nafasi yake haizibwi na mwingine.

Nilipokuwa nasoma habari ya huyo mvulana wa Kakamega aliyesimama na waombolezaji nikaona ni jambo lilelile kwa upande mwingine. Yeye nafasi ilikuwepo, haikuwa na jina lake.

Kinachonitia hofu kwetu ni simu. Miaka ya karibuni watu wanaopiga picha wamekuwa wengi, wanajisogeza mpaka wapiganaji hawana pa kuzungushia mgomba. Na nimeona vijana wanapigana huku wakitazama kamera iko wapi. Mtu anayetazama kamera donge lake halitoki, analirudisha nyumbani. Ukiniuliza mimi, hilo ndilo jembe letu la hewani.

Mjukuu wa Manju

Bint Makunduchi, wewe ungezaliwa kwetu ungekuwa manju.

Karani wa Ghala

Swali dogo kwa mwanzisha uzi. Huyo binti wa pikipiki anaimba tu au anapiga pia? Nauliza kwa sababu nina mabinti watatu na wa pili hashikiki, kila debe nyumbani ni ngoma. Mama mkwe hapendi.

Mtunza Ngoma

Ndugu Karani, swali lako si dogo hata kidogo, limenikuta nalo mkononi.

Kwetu wasichana wanacheza bugobogobo na wanarusha jembe, hilo halina ubishi. Ngoma kuu ndiyo imezoeleka kuwa ya wanaume. Maeneo mengine ni sheria kabisa: Burundi ngoma zao za kifalme zinazotambuliwa na UNESCO tangu 2014, serikali mwaka 2017 ilitoa amri kwamba wanawake wasizipige. Jirani yao Rwanda, ambako nako ngoma ilikuwa ya wanaume, kuna kundi la wanawake watupu la Butare, Ingoma Nshya, lililoanza 2004, na waliomo ni wajane na yatima wa mauaji ya kimbari na wanawake wa kutoka pande zote mbili. Nimewaona kwenye video mara nyingi. Wanapiga.

Baada ya Bulabo yule kijana wa singeli aliomba mwenyewe kuachia ngoma kwa msimu mmoja. Alisema anataka kukaa mstari wa majembe, adake, mpaka ajue inavyokuwa mtu mwingine akishika hesabu ya maisha yako. Sikumlazimisha. Nadhani angekufurahisha, mzee Mjukuu wa Manju, maana amejituma mwenyewe.

Siku hiyohiyo jioni binti akaja kuuliza kama nafasi ya ngoma iko wazi.

Nilimpeleka kwa mzee. Nilikuwa nimejiandaa na maneno mengi, hayo ya Rwanda yakiwemo. Mzee alimuuliza swali moja: "Ukipiga, wimbo ataimba nani?" Binti akajibu kwamba anaweza vyote viwili, maana kule kwenye matuta alikuwa anautunga wimbo huku analima, na mikono haikusimama. Mzee akacheka. Akasema ngoma ndogo ya kundi ngozi yake imechoka, imeungua upande mmoja kwa kuwambwa na moto mara nyingi, na hampi mtu ngoma mbovu akajifunzia ubovu. Anayetaka ngoma aitafutie ngozi.

Binti alikwenda kwa baba yake. Yule yule aliyeuza ng'ombe.

Baba amesema amebaki na jike na dume mmoja, na hachinji. Lakini ana shemeji mwenye bucha Magu, na pikipiki ipo. Jumamosi asubuhi wanakwenda wote wawili kuchukua ngozi mbichi, mimi nawasubiri na vigingi na majivu. Ikikauka vizuri nitaweka picha hapa.